Harusi ya Ugenini: Maneno ya Ndoa, Malipo na Bahari

Miongoni mwa karatasi zinazowafikia wafasiri wa mwambao wetu siku hizi, zimo zile zihusuzo harusi zinazofanywa katika hoteli za kando ya bahari na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliye mwenyeji wa mahali hapo. Bwana harusi atoka mji huu, bibi harusi mji ule. Marafiki zao ishirini au thelathini husafiri kwa ndege kutoka Ulaya, Marekani au Nairobi. Wote hukutana Nungwi, Paje au Diani, hukaa juma zima wakiogelea na kupumzika, na katika siku mojawapo ya juma hilo wawili kati yao huoana mchangani. Karatasi zenyewe ni nyingi: mwaliko, mkataba wa hoteli, ratiba ya siku, fomu za msajili, na mara nyingine barua kwa wazee wa upande usemao Kiswahili, kwa kuwa hutokea mmoja wa maharusi akawa mtoto wa huku aliyepata mwenzake ng'ambo.

Twaona inafaa kuyachungua maneno ya karatasi hizo, kwa sababu katika jambo hili kosa la mfasiri haliishii kwenye karatasi. Laweza kumfanya mzee aombe nauli kwa watu waliodhani atajilipia, laweza kumpotezea mtu fedha alizoziita amana, na laweza kuwarudisha kwao watu wawili wakidhani wameoana kumbe hawakuoana.

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Mfasiri aliye na haraka atatafsiri neno kwa neno na kupata "harusi lengwa" au "harusi ya kituo". La kwanza halina maana, na la pili lamfanya msomaji afikirie stesheni ya basi. "Harusi ya safari" ni afadhali, lakini desturi zetu zenyewe zina safari ndani yake: bwana harusi huenda na watu wake kwa kina bibi harusi, kwa shangwe na vigelegele, pengine kutoka wilaya moja hadi nyingine. Hivyo safari si jambo jipya. Lililo jipya ni kwamba mwisho wa safari hii hakuna nyumba ya wakwe. Pande zote mbili zimefika mahali pa watu wengine. Kwa sababu hiyo sisi twapendelea "harusi ya ugenini". Neno ugenini halihitaji kufundishwa, kwani kila asikilizaye matangazo ya mpira redioni ajua timu inayocheza ugenini iko katika hali gani. Hapa timu zote mbili zacheza ugenini.

Baada ya jina, neno lenye uzito kuliko yote ni lile ambalo wengi hulipita bila kulitazama: harusi si ndoa. Neno harusi, ambalo wengine huandika arusi, limetokana na Kiarabu, na huko asili yake linahusu bibi arusi mwenyewe na shamrashamra zake. Ndoa ni neno letu la Kibantu, limetoka katika kitenzi kuoa. Harusi ni shughuli: ngoma, pilau, mapambo, watu. Ndoa ni kifungo cha wawili ambacho sheria, dini au mila hukitambua. Harusi yaweza kufanywa mwezi mmoja baada ya ndoa, na ndoa yaweza kufungwa bila ya harusi yoyote, mbele ya mashahidi wawili na kikombe cha chai. Nikahi, kwa upande wake, ni ule mkataba wa ndoa ya Kiislamu, na si vema kulitumia kwa ndoa isiyo ya Kiislamu hata kama neno hilo lapendeza masikioni.

Sasa hoteli nyingi za mapumziko huuza namna mbili za shughuli. Katika namna ya kwanza, mtu mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa huja hotelini, mashahidi hutia sahihi, na cheti hutolewa. Katika namna ya pili, mfanyakazi wa hoteli au rafiki wa maharusi husimama chini ya upinde wa maua, husoma maneno mazuri, pete huvishwa, picha hupigwa, na yote huishia hapo. Wengi huchagua namna hii ya pili kwa makusudi, kwa kuwa wamekwisha kuoana kwao, au watakwenda kuoana watakaporudi. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale vijitabu vya hoteli vinapoziita zote mbili "ndoa ufukweni". Hapo msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua ananunua nini. Shauri letu ni hili: pasipo na mtu mwenye mamlaka ya kufungisha, neno ndoa lisiandikwe. Iandikwe "harusi ya ishara", au kwa urefu zaidi, "sherehe isiyofunga ndoa". Maneno haya ya pili si matamu, na mwenye hoteli atanung'unika, lakini yanasema kweli.

Palipo na ndoa yenyewe, mfasiri anaingia katika sheria, na huko lazima aende kwa uangalifu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar, ambako hoteli nyingi za namna hii ziko, ina sheria zake. Kwa hiyo mtu anayefasiri fomu ya Bagamoyo asiichukue tafsiri hiyo na kuipeleka Nungwi kama ilivyo. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2014, inayotambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Bara na Kenya zote zataka taarifa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa ya kiserikali, isipokuwa wenye mamlaka watoe leseni maalumu. Taarifa hii ndiyo ambayo wafasiri huiita mara "notisi", mara "tangazo", mara "ilani". Twashauri iitwe "taarifa ya nia ya kuoana". Neno tangazo liachiwe makanisa, ambako ndoa hutangazwa mbele ya waumini kwa siku zake. Anayepinga huweka "pingamizi", neno lililokwisha kukaa vizuri mahakamani. Ile hati ambayo mgeni huombwa kuileta kutoka kwao, inayoonyesha kwamba hana ndoa nyingine wala jambo jingine limzuialo, tungeiita "hati ya kutokuwa na kizuizi cha ndoa". Ni ndefu, lakini ofisa aliye dirishani ataielewa bila ya kuuliza.

Watu wenyewe wana jina lao la ndoa ya kiserikali: ndoa ya bomani. Ni jina zuri, lenye historia ya ofisi za wilaya ndani yake, na hatuoni sababu ya kulifukuza katika mazungumzo. Lakini katika maandishi ya harusi ya ugenini laweza kuleta kichekesho, kwa kuwa tutalazimika kuandika kwamba ndoa ya bomani itafungwa chini ya mnazi. Katika hati, basi, tuandike "ndoa ya kiserikali".

Zaidi ya hayo, fomu zina nafasi ya kuandika hali ya ndoa ya kila mmoja, na hapo watumishi wengi huandika "mjane" kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane. Neno lipo, ni fupi, na halina kasoro yoyote ila kutotumiwa. Kadhalika vitenzi: bwana huoa, bibi huolewa, wawili huoana au hufunga ndoa, msajili au sheikhe au padri hufungisha, na wazazi huozesha. Lugha nyingi za kigeni hutumia kitenzi kimoja kwa haya yote, na mfasiri asiyeangalia atamwoza msajili na kumfanya bibi harusi aoe.

Tuje kwenye mwaliko. Hapa ndipo penye tatizo lisilo la msamiati peke yake. Kualika kwa Kiswahili ni kuchukua jukumu. Aliyealika hulisha, na aliyealikwa kutoka mbali hupewa pa kulala. Methali ya mgeni wa siku mbili anayepewa jembe siku ya tatu yaonyesha kwamba hata mwenyeji aliyechoka alikuwa amekwisha kutimiza siku mbili. Tena, katika miji yetu desturi imekua ya michango: kamati ya harusi huundwa, kadi za mchango hutangulia, na aliyechanga ndiye apatae kadi ya mwaliko, ya mtu mmoja au ya watu wawili. Hivyo msomaji wetu ajua njia mbili za fedha za harusi: ama mwenye harusi hugharimia, ama waalikwa huchanga na fedha huingia katika mfuko mmoja wa shughuli.

Harusi ya ugenini ina njia ya tatu. Hakuna anayechanga, lakini kila mwalikwa hujilipia nauli, chumba na pengine chakula cha siku zote isipokuwa ile ya harusi. Mwaliko ulioandikwa kwa lugha ya watu wenye desturi hiyo hausemi neno hili hata mara moja, kwa kuwa kwao lajulikana. Ukifasiriwa kwa uaminifu wa neno kwa neno, "mnaalikwa kwa furaha kuungana nasi Zanzibar kwa siku saba", mama mkubwa aliyeko Tanga atausoma kama tangazo kwamba amelipiwa siku saba. Ataaga majirani, atashona nguo. Atakapoambiwa bei ya chumba, hatasema kwamba mfasiri alikosea. Atasema kwamba mtoto wa dada yake ameharibika huko Ulaya.

Wako wanaoshikilia kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza ambalo mwandishi hakuliandika. Katika shairi twakubaliana nao. Katika mwaliko hatukubaliani. Lililonyamaziwa kwa sababu msomaji wa kwanza alijua, haliwezi kunyamaziwa kwa msomaji wa pili asiyejua. Kunyamaza huko nako ni sehemu ya maana. Mfasiri awaulize wenye harusi, kisha aandike waziwazi: "Kila mwalikwa atajigharimia safari na malazi, chakula cha siku ya harusi kitatolewa na maharusi." Kama wenye harusi wanaona haya kuyasema hayo kwa Kiswahili, ni heri waone haya mapema kuliko siku ya kulipa.

Tumetumia neno "mwalikwa", na si kwa bahati. Neno "mgeni" limebeba mizigo mingi mno katika shughuli hizi. Mgeni ni aliyealikwa, mgeni ni mteja wa hoteli, mgeni ni mtu asiye raia, na mgeni ni yeyote asiyejulikana. Kibao cha hotelini kinachosema "Wageni hawaruhusiwi" chaweza kuwafukuza wote au kutomfukuza yeyote. Katika hati za namna hii aliyeitwa harusini awe mwalikwa, aliyepanga chumba awe mgeni wa hoteli, na asiye raia awe raia wa kigeni.

Mkataba wa hoteli una neno moja lenye hatari kuliko mengine yote, nalo ni lile la fedha inayotangulia. Kamusi za lugha mbili hulipa tafsiri ya "amana", na wafasiri huliandika bila wasiwasi. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili kiwe salama, na sharti la kwanza la amana ni kurudishwa. Hoteli haikukusudia hivyo. Fedha ambayo mnunuzi huitanguliza ili kitu asiuziwe mwingine, na ambayo kwa kawaida huipoteza akighairi, ina jina lake la kale katika biashara ya mwambao: arubuni. Tofauti nayo ni "malipo ya awali", yaani sehemu ya bei iliyolipwa mapema, ambayo kurudishwa au kutorudishwa kwake hutegemea masharti yaliyoandikwa. Na tofauti tena ni "dhamana", inayowekwa dhidi ya vitu vitakavyovunjwa na kurudishwa siku ya kuondoka. Mkataba mmoja waweza kuwa na zote tatu. Mtu aliyeghairi harusi kwa sababu ya msiba, akadai arubuni yake kwa kuwa karatasi ya Kiswahili iliiita amana, ana haki ya kumkasirikia mfasiri. (Wazee wetu walikuwa na kishika uchumba, vijana wa leo wana kishika chumba. Twaitoa hii kama mzaha tu, lakini yeyote atakaye kulitumia hatutamzuia.)

Kuhusu milo, hoteli huuza kwa viwango ambavyo kila kimoja kina jina la kigeni lililofupishwa kwa herufi. Hatuoni haja ya kubuni istilahi. Yatosha kusema malazi na kifungua kinywa. Malazi na milo miwili. Malazi na milo yote. Malazi, milo na vinywaji. Hicho cha mwisho hupenda kuitwa "kila kitu ndani", na twamwonya mfasiri asiahidi kila kitu, kwani safari za mashua na aina fulani za vinywaji mara nyingi hulipiwa mbali. Jumla ya huduma zinazouzwa kwa bei moja baadhi ya watu wameiita "kifurushi". Tungelilikataa neno hili zamani, kwa kuwa kifurushi hutumwa kwa posta. Lakini kampuni za simu zimekwisha kulieneza hadi vijijini, na kila mtu hununua vifurushi vya maongezi. Limeshinda, liachwe.

Tuyaache malipo, twende bahari yenyewe. Hapa Kiswahili hakihitaji kuazima. Kina utajiri ambao wafasiri wengi waliolelewa bara hawaujui, wakaandika "pwani" kwa kila kitu. Pwani asili yake ni mahali pa kupwa, pale maji yaondokapo. Leo ni nchi nzima iliyo karibu na bahari, hata tukawa na mkoa wa jina hilo. Mwambao ni urefu wa nchi ufuatao bahari. Ufuko au ufukwe ni mchanga wenyewe. Fungu ni kilima cha mchanga kinachojitokeza baharini maji yakipwa, na ambacho hoteli nyingine hupeleka maharusi kwa mashua wakapigwe picha.

Ratiba ya harusi isiyojua kupwa na kujaa ni ratiba ya matatizo. Upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa huenda mbali sana na kuacha mchanga, mwani na madimbwi; huko kina mama hulima mwani katika eneo hilohilo ambalo kijitabu cha hoteli hukiita "ufukwe wa faragha". Nungwi na Kendwa, kaskazini, bahari haiondoki mbali kiasi hicho. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika Unguja hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, juma moja baadaye, tofauti hupungua sana. Katika siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi za jioni na hupwa kiasi cha saa nne za asubuhi. Kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Anayepanga harusi ya saa kumi jioni ili bahari iwe miguuni pa maharusi, yampasa apange siku ya bamvua. Akipanga siku ya maji mafu, saa hiyohiyo maji yatakuwa yamepwa. Basi pale ambapo ratiba ya kigeni yasema tu "bahari ikiwa juu", mfasiri anayejua maneno bamvua na maji mafu ataweza kumwuliza mteja wake swali la maana, na mvuvi wa hapo ataweza kulijibu bila ya kitabu.

Na hizo saa zenyewe zinahitaji neno moja. Sisi huhesabu tangu jua lichomozapo. Saa 4 ya alasiri katika ratiba ya kigeni ni saa 10 yetu, na kila mfasiri hulijua hili, lakini hulisahau pale tarakimu inapoandikwa bila neno lolote kando yake. Katika ratiba za Kiswahili tarakimu isiachwe peke yake. Ifuatwe na asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku.

Yamebaki majina ya watu. Rafiki wa bwana harusi anayesimama kando yake ni "msimamizi". Wako waliomwita walii, na hilo ni kosa kubwa, kwani walii ni yule mwenye haki ya kumwozesha bibi harusi katika nikahi, aghalabu baba yake, wala hashiki pete ya mtu. Msimamizi huenda akawa pia shahidi akitia sahihi, lakini si kila msimamizi ni shahidi, na ratiba isiyachanganye. Rafiki za bibi harusi wanaovaa sare ni "wapambe". Maandishi ya zamani ya mwambao yangewaita mashoga zake, maana shoga alikuwa mwanamke rafiki wa mwanamke mwenzake. Maana nyingine imekwisha kulifunika neno hilo kwa wasomaji walio wengi, na mfasiri wa leo hana budi kuliepuka, ingawa kwa masikitiko kidogo.

Kuhusu fungate, neno hili limebeba ndani yake hesabu ya saba. Jamaa zetu Wamijikenda wangali wanahesabu saba kwa neno la ukoo huo. Zilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani baada ya harusi, wakitunzwa. Siku hizi twasikia "fungate ya siku kumi" na hakuna anayestuka. Lakini katika harusi ya ugenini juma lote hupita maharusi wakiwa pamoja na marafiki thelathini, wakila meza moja na kuogelea pamoja, kabla ya ndoa na baada yake. Hoteli huliita juma hilo fungate. Sisi twaliita likizo ya harusi, na fungate twaianza siku ile marafiki wanapopanda basi kwenda uwanja wa ndege. Kama wasomaji wa Lamu, Pemba au Tanga wana neno jingine kwa siku hizo za pamoja kabla ya wawili kuachwa peke yao, tungependa watuletee, na mfano wa sentensi linamotumika.